Seremala Hana Jina

Wapo watu wasemao kwamba seremala ajengaye seti za filamu si seremala bali ni mdanganyifu mwenye msumeno. Nyumba yake haina nyuma, mlango wake hauendi popote, na ukuta wake ukiusukuma unayumba. Kwa hiyo, wanamalizia, alipwe kibarua chake cha kutwa aende zake. Ya nini kumtaja jina? Maneno haya nimeyasikia kwa mafundi wenzangu wa Gikomba, nimeyasikia kwa jamaa zangu wa damu, na nimeyasikia kwa meneja wa kampuni moja ya kigeni iliyokuja Nairobi kupiga filamu, aliyeyasema huku akitabasamu. Leo nayajibu.

Tuanze na huo ukuta unaoyumba. Fundi wa nyumba ya kuishi akishapima kwa timazi na ukuta ukasimama wima, amemaliza. Wangu mimi sharti usimame wima mbele ya kamera, kisha watu wawili wauondoe mzimamzima ili kamera ipite, na baadaye urudi mahali pake pasionekane hata ufa. Ndiyo maana tunaunda fremu za mbao nyembamba, tunazivika plaiwudi, na kwa nyuma tunazishikiza kwa magongo na magunia ya mchanga. Mlango nao lazima ufunguke kimya, maana kinasa sauti husikia hata bawaba iliyokosa mafuta. Na ngazi je? Ngazi ni ya uongo? Basi mwambie mchezaji aipande mbio mara 15 mfululizo, kwa kuwa mwelekezi hajaridhika, halafu uniulize kama misumari yangu ilikuwa ya uongo. Mguu ukivunjika pale, huvunjika kweli.

Nisisahau mbao. Saipresi mpya kutoka kiwandani tunaiunguza kidogo kwa moto, tunaisugua kwa burashi ya waya hadi nyuzi ngumu za mti zibaki zimeinuka, tunaipaka maji ya masizi, na kesho yake asubuhi ni ubao uliopigwa na jua miaka 80. Hao wanaotucheka, nani kati yao awezaye kuzeesha ubao kwa usiku mmoja?

Watasema: lakini mwisho wake ni kubomolewa. Naam, hubomolewa. Hata keki ya harusi huliwa, na hakuna amwambiaye mwokaji kwamba si mwokaji. Tena si kila seti hufa upesi. Ukuta mkubwa uliojengwa Marekani kwa filamu ya The King of Kings ya mwaka 1927 ulitumiwa tena katika King Kong ya mwaka 1933, na haukuangamia hadi Desemba 1938, ulipotiwa moto kwa makusudi ili uonekane kama mji wa Atlanta unaungua katika Gone with the Wind. Miaka 11! Nimeona maduka ya mawe hapa kwetu ambayo hayakufikisha hiyo.

Sasa nije kwenye jina, maana hapo ndipo penye mgogoro. Filamu ya Out of Africa, iliyotoka mwaka 1985, ilihitaji Nairobi ya miaka ya 1910. Mji huo haukuwapo tena, ukajengwa upya Langata. Mwaka 1986 filamu ikapata tuzo 7 za Oscar, na mojawapo, ile ya usanifu wa mandhari, wakapewa Stephen Grimes na Josie MacAvin. Sina neno nao. Kuchora ni kazi, na kupamba ni kazi. Ila mchoro haujipigilii misumari. Tuzo hiyo hadi leo ni ya msanifu na mpambaji, seremala hamo. Wala siidai. Ninachodai ni kidogo zaidi.

Filamu inapokwisha, majina hupanda kwenye skrini. Umewahi kubaki kitini ukayasoma? Utamkuta dereva, utamkuta mpishi, pengine hata aliyemtunza mbwa. Katika kazi ile ya yule meneja tulikuwa mafundi 28 kwa wiki 9. Jina la fundi mkuu waliyekuja naye liliandikwa. Sisi hatukuandikwa hata mmoja. Alipoulizwa, alijibu kwamba orodha ingekuwa ndefu mno.

Wenzetu wa Hollywood walijua zamani kwamba kazi hii si mchezo. Mwaka 1946 vyama viwili vya wafanyakazi viligombea haki ya kusimamisha seti, na maseremala waliokataa kugusa seti zilizosimamishwa na upande wa pili walifukuzwa kazi kwa wingi. Hakuna aliyewaambia kwamba wanagombea uongo. Waligombea mkate.

Na kwetu jina ni mkate huohuo. Kampuni mpya ikija, swali la kwanza ni: umefanya filamu gani? Ukitaja, wanatazama orodha ya majina. Hujaonekana, basi wewe ni kibarua wa kubeba mbao, na mkuu wako atatoka ng'ambo. Hivyo mtu anajenga miji kwa miaka 20 na kila mara anaanza chini kama mwanagenzi. Zaidi ya hayo, filamu huhama. Kisa cha simba wa Tsavo wa mwaka 1898 ni chetu, lakini The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996 ilipigwa Afrika Kusini. Fundi asiye na jina ataifuata vipi kazi huko?

Kama skrini haitoshi, basi waandike barua: jina la fundi, jina la filamu, siku alizofanya, alichojenga, sahihi ya mkuu na muhuri. Karatasi moja kwa kila mtu. Karatasi 28 hazijai hata bahasha moja kubwa, na iandikwe kabla seti haijabomolewa, wakati mkuu yungali hapa na hajapanda ndege.