Usugu wa dawa: Tusimbebeshe mgonjwa lawama zote

Na Zuhura Kitwana

Kila Novemba, dunia inapoadhimisha wiki ya uhamasishaji kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ujumbe huwa uleule: mwananchi, acha kununua vidonge viwili vya amoksilini dukani, mwananchi, maliza dozi. Ni kweli, na iendelee kusemwa. Ila safu hii inauliza kwa nini anayesutwa kila mwaka ni mwananchi peke yake.

Chukua maambukizi ya damu. Bakteria wakishaingia kwenye damu, presha hushuka, figo hugoma, na mgonjwa anaweza kufariki ndani ya siku moja au mbili. Wakiwa sugu, sindano inachomwa asubuhi na jioni na homa iko palepale.

Walio hatarini kupata bakteria sugu kwenye damu wanajulikana: aliyetumia antibiotiki siku za karibuni, aliyelazwa muda mrefu au kuhamishwa kutoka hospitali nyingine, aliye ICU, mwenye kanula, mpira wa mkojo au mashine ya kupumulia, anayesafishwa damu, mtoto njiti, na ambaye kinga yake imeshuka. Duka la dawa linaingia kwenye kipengele cha kwanza tu, na hata hapo linachangia lawama na daktari aliyeandika antibiotiki kwa mafua. Vingi vinavyobaki vimo ndani ya geti la hospitali.

Itazame kanula. Ni kimrija cha plastiki kinachotoboa ngozi na kubaki ndani ya mshipa. Plasta imelowa jasho na kuanza kubanduka, mkono umevimba, na hakuna aliyeandika iliwekwa lini. Mgonjwa ameshahamishiwa dawa za kumeza, lakini kanula imeachwa "isije ikahitajika". Huo ni mlango wa bakteria, na tumeuacha wazi bila sababu. Usiku, muuguzi mmoja anazunguka wodi nzima, bomba halitoi maji na kitakasa mikono kimeisha. Klebsiella, anayeweza kukaa tumboni mwa mtu mzima bila kumdhuru, anafika kwa mtoto njiti kupitia mikono ileile inayomhudumia.

Gharama yake tunaijua kwa muda mrefu. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2007 uliangalia watoto 1,828 waliolazwa. Waliokuwa na maambukizi ya damu ya bakteria wa kundi la Gram-hasi, alimo Klebsiella, walifariki kwa asilimia 43.5, wa malaria, asilimia 20.2. Mojawapo ya mambo yaliyoongeza hatari ya kifo ni kupewa dawa ambayo bakteria wameshaizoea. Malaria tuliipa vyandarua, vipimo vya haraka na kampeni za redioni. Maambukizi ya damu tumeyapa nini?

Hospitali nyingi bado hazioteshi damu maabara ili kumtambua bakteria aliyemo na dawa inayomuua. Daktari anaanza na ampisilini na jentamaisini, zikishindwa anapanda seftriaksoni, ikishindwa anaomba Mungu. Simlaumu, anatibu gizani. Lakini kila dawa anayobahatisha inawaua bakteria dhaifu na kuwaachia sugu nafasi.

Watakaosema hela hazipo wapige hesabu ya meropenemu, dawa ghali inayokimbiliwa nyingine zikishindwa, na wiki za ziada ambazo mgonjwa anakaa kitandani. Maji, sabuni na wauguzi wa kutosha ni nafuu kuliko hayo.

Ninachotaka kwa Wizara ya Afya ni namba moja: kila hospitali ya rufaa itangaze kila mwezi ni maambukizi mangapi ya damu yameanza baada ya saa 48 tangu mgonjwa alazwe. Huo ndio mpaka ambao wataalamu kwa kawaida hutumia kutenganisha ugonjwa uliotoka nyumbani na ule uliopatikana wodini. Pasipo kuotesha damu namba hiyo haitapatikana, kwa hiyo kuidai ni kudai maabara pia.

Na wewe unayekwenda kumwona mgonjwa, usisubiri wizara. Nawa mikono kabla ya kumshika, kisha uliza kwa heshima: "Sista, hii kanula bado inatumika?" Kama haitumiki, itolewe.