Wacheni Buibui wa Australia, Ogopeni Jua

Wasee, hebu tuongee ukweli kidogo.

Kila Disemba ni stori ile ile. Sisi huku tunatafuta gari la kwenda ushago, kule Australia kiangazi kimeanza, na simu zinajaa zile video. Buibui saizi ya sahani yuko ukutani. Nyoka ametoka ndani ya choo. Kangaruu amejaa misuli kama baunsa wa klabu. Halafu msee wa Pipeline anaandika hapo chini, "Mimi hata wanipee visa na doo juu, siendi." Anapigiwa likes elfu mbili. Buda, kwani ni nani amekupea visa?

Kucheka si mbaya. Mimi nakula kwa kuchekesha watu. Lakini hii komedi ya Australia tunayopika huku Nairobi ina shida moja kubwa: tunacheka kitu ambacho hakiui, halafu kile kinachoua tunakiruka. Na siku hizi kila mtaa hukosi mtu anayesukuma makaratasi ya kwenda kusoma Perth ama Melbourne. Huyo mtu akifika huko, kichwani amebeba nini? Amebeba memes. Ataangalia chini ya kitanda kila usiku akitafuta buibui, halafu saa nane mchana atoke nje bila kofia na bila maji, kwa sababu yeye ni Mkenya na jua hamwambii mtu kitu.

Tuanze na huyo buibui, tumalizane naye.

Mwenye sumu mbaya kabisa huko anaitwa funnel-web, na anapatikana sana pande za Sydney. Dawa ya sumu yake ilianza kutumika 1981. Tangu mwaka huo, hakuna kifo hata kimoja kilichothibitishwa cha mtu aliyeumwa naye. Kuna mwingine, redback, yule wa alama nyekundu mgongoni. Dawa yake iko tangu 1956. Na lile jibuibui kubwa mnaloona kwenye video likitembea ukutani ni huntsman, ambaye kazi yake ni kuwinda mende. Kwa keja nyingi za Nairobi ninazozijua, huyo angepewa hata shea ya rent.

Nyoka je? Huko wanaua watu wawili au watatu kwa mwaka kwa wastani, kwa nchi iliyopita watu milioni 26. Hiyo si bahati. Ni kwa sababu walianza kutengeneza dawa za sumu za nyoka wao tangu 1930, na hospitali zinakuwa nazo. Sasa nenda Baringo ama Kitui uulize watu kama nyoka ni mchezo. Huko mtoto akiumwa, familia inaweza kubebwa na bodaboda kutoka zahanati hii hadi ile ikiambiwa dawa hakuna. Yaani sisi ndio tuko na nyoka wa kuogopwa, na bado tunachekelea nyoka wa wenyewe waliojipanga. Manze, aibu kidogo.

Sasa tuje kwa kitu chenyewe. Jua.

Kwanza niseme hii: sisi na Waaustralia tuko pamoja kwa Krismasi ya jua. Nimeona Wakenya wakishangaa, "Ati Santa amevaa kaptula Bondi Beach? Krismasi bila theluji?" Wewe umezaliwa Umoja. Theluji umeiona wapi, kwa friji? Disemba yetu ni jua, nyama choma na watoto na nguo mpya. Disemba yao ni jua, soseji kwa moto, kamba wa baharini, kriketi siku ya pili yake pale Melbourne, na patapata miguuni. Tofauti si kubwa vile.

Tofauti iko kwa hilo jua lenyewe. Tarehe 2 Januari 1960, mahali panaitwa Oodnadatta palifika nyuzi 50.7. Tarehe 13 Januari 2022, mji wa Onslow ukagonga hiyo hiyo 50.7. Utasema huko ni mashambani, nani anaenda. Sawa. Penrith ni mtaa wa magharibi mwa Sydney, una treni na maduka na watu wa kawaida kabisa. Tarehe 4 Januari 2020 ulifika 48.9. Nairobi ikifika 30 tu watu wanaanza kuuliza wachungaji kama hizi ndizo siku za mwisho.

Na hapa ndipo comedy yetu inakosa akili. Mwisho wa Januari 2009, Melbourne ilikaa siku tatu mfululizo juu ya nyuzi 43. Serikali ya jimbo la Victoria ilipohesabu baadaye, ilikuta vifo 374 zaidi ya vile huwa kawaida kwa kipindi kama hicho. Siku chache mbele, tarehe 7 Februari, ukaja ule moto wa msituni ulioua watu 173. Dunia nzima inakumbuka moto, kwa sababu moto una picha. Lile joto lililotangulia liliua zaidi ya mara mbili ya moto, na hakuna mtu alitengeneza video. Joto huua kimya. Linapata mzee anayeishi pekee yake, mgonjwa wa moyo, mtu anayefanya kazi juu ya paa. Hakuna baya la asili nchini humo ambalo limeua watu wengi kuliko mawimbi ya joto. Buibui hata hakaribii.

Najua kuna mtu hapo tayari anatype: "Sisi ni weusi, hiyo ni shida ya wazungu." Tulia nikuambie. Kuna mambo mawili hapa na unayachanganya. La kwanza ni ngozi kuungua na saratani ya ngozi. Hapo ni kweli, rangi yetu inatusaidia sana. Wao inawamaliza: inakadiriwa wawili kati ya kila watatu watapatikana na aina fulani ya saratani ya ngozi kabla ya kufika miaka 70. La pili ni mwili kushikwa na joto. Hapo melanini haikusaidii na chochote. Joto la mwili wako likipita 40, ubongo unaanza kuharibika. Mtu anaanza kuongea vitu havieleweki, anayumba kama mlevi, anaanguka. Hapo hauitishi maombi, unapiga 000, unamtoa juani, unammwagia maji. Moyo hauna rangi, msee. Na wewe umekulia Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, jaketi ni ya Juni hadi Agosti. Kama ni mtu wa Lodwar anaongea, huyo nitamsikiliza. Wewe wa Kasarani, beba maji.

Halafu kuna bahari. Wote mnaogopa papa. Kinachomaliza watu fukwe za Australia ni mkondo wa maji unaokutoa ufukweni na kukuvuta ndani. Mtego wake ni huu: mahali unapopita, mawimbi hayavunjiki, kwa hiyo macho yanakuambia hapo ndipo pametulia. Mgeni anaona mahali pazuri pa kuogelea, kumbe ameingia kwenye mdomo. Walinzi wa ufuo huweka bendera za nyekundu na njano, na sheria ni moja: ogelea katikati ya hizo bendera. Ukishikwa na mkondo usishindane nao, utachoka uzame. Elea, inua mkono, au ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke. Ripoti zao za watu waliokufa maji hazikosi waliozaliwa nchi zingine. Hao ni sisi. Ni watu waliofika wakijua kila kitu kuhusu papa na hawajui bendera ni za nini.

Sasa mtasema, "Lakini si Waaustralia wenyewe ndio walianza hizi jokes?" Ndio. Na hapo ndipo wametushinda.

Hao watu wanatania kila kitu. Kuna uongo wao maarufu wa kuambia watalii, ati kuna koala mkali anayeangukia watu kutoka mtini, na dawa ni kujipaka Vegemite nyuma ya masikio. Vegemite ni ile kitu nyeusi ya mkate, chumvi tupu. Na watalii wanajipaka! Waziri mkuu wao Harold Holt aliingia baharini kuogelea tarehe 17 Disemba 1967, akapotea, na mwili haukuwahi kupatikana. Unajua walimkumbuka na nini? Bwawa la kuogelea. Liko Melbourne, lina jina lake mpaka leo. Mwaka wa 1932 walituma wanajeshi na bunduki za rashasha wakapigane na emu, yule ndege mrefu kama mbuni, na emu wakashinda. Hiyo ndiyo meme mnayoipenda zaidi. Lakini mkiisoma mpaka mwisho mtakuta wakulima waliokuwa wanalia walikuwa wanajeshi waliotoka Vita ya Kwanza ya Dunia, wakapewa mashamba ya ukame, bei ya ngano ikaanguka, halafu ndege wakaja kula kidogo kilichobaki. Kicheko kiko juu, uchungu uko chini.

Na utani wao una kazi. Mwaka huo huo wa 1981 walitoa tangazo la katuni ya shakwe anaitwa Sid, anacheza na kuimba amevaa kaptula. Watu walicheka. Lakini Sid alikuwa anaambia nchi nzima vitu vitatu: vaa shati, paka mafuta ya kuzuia jua, weka kofia kichwani. Leo shule nyingi za msingi huko, mtoto asiyekuja na kofia haruhusiwi kucheza juani. Hata vile vitanda vya taa vya kuchoma ngozi iwe kahawia, biashara yake imepigwa marufuku majimbo yote makubwa. Katuni ya ndege ilisaidia kubadilisha tabia ya taifa. Sisi tunachukua utani wao, tunatupa onyo lililokuwa ndani, tunabaki na maganda.

Ndiyo maana sikubali ile jibu ya "relax, ni jokes tu." Niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hiyo sitawapigia lecture. Lakini ninajua vile watu wa rika letu wanajifunza dunia. Hatusomi mwongozo wa ubalozi. Tunasoma captions. Kama captions zote za Australia ni buibui, basi hiyo ndiyo elimu tumepeana, na kuna first-born fulani ambaye familia imeuza shamba kumpeleka huko akiwa na hiyo elimu pekee. Mzazi wake amemlipia ada, tiketi na bima. Sisi tumempea woga wa mdudu anayekula mende.

Kwa hivyo creators wenzangu, kazi ni hii. Endeleeni kuchekesha, hata mimi kesho nitaposti kangaruu. Lakini mkiposti Australia ya Disemba, wekeni na jua lake. Wekeni zile bendera mbili. Fanyeni Mkenya aliyekataa kofia akidai yeye ni mtoto wa Afrika, halafu saa tisa yuko chini ya mti anaita mamake. Hiyo ni comedy safi, na mtu anaweza kuikumbuka siku anaihitaji.

Na wewe uliye na visa tayari, hongera, na usisahau binamu zako. Chini ya kitanda kuko sawa. Beba kofia.