Rufaa ya MRI ya Moyo Ibebe Swali

Mwanamke wa miaka thelathini na mitano anapofika kituo cha afya kutoka Bukima, akieleza kwamba pumzi humwishia apandapo kilima na ndoo ya maji kichwani, mara nyingi huandikiwa dawa ya pumu au ya kuongeza damu. Ni nadra kuulizwa kuhusu kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo. Tumezoea kuyaona maradhi hayo kuwa ya watoto wachanga. Hata hivyo, karibu mtoto mmoja katika kila 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, na baadhi ya kasoro, hasa tundu kati ya vyumba vya juu, hukaa kimya hadi utu uzima, pengine hadi ujauzito uzidishe mzigo.

Wapo wagonjwa wanaoamini kwamba bila MRI hawajapimwa. Sivyo. Kipimo cha eko hutangulia, na wengi huwatosha. Lakini mawimbi ya sauti hupenya kwa shida kifua cha mtu mzima. Lipo tundu la juu, karibu na mshipa mkubwa uletao damu kutoka kichwani na mikononi, ambalo eko ya kifuani hulikosa mara kwa mara. Kinachoonekana ni upande wa kulia wa moyo uliotanuka bila sababu. Hapo ndipo MRI hustahili gharama yake. Huonyesha tundu lenyewe na mishipa ya mapafu iliyoingia mahali pasipo pake, tena hupima damu iendayo mapafuni inazidi iendayo mwilini kwa kiasi gani. Ikifika mara moja na nusu, madaktari huanza kuzungumzia kuliziba. (Shinikizo la mapafuni ni jambo jingine, bado hupimwa kwa mrija unaopitishwa hadi moyoni.) Na kwa kuwa haitumii mionzi ya eksirei, MRI yaweza kurudiwa miaka mingi kwa aliyepasuliwa moyo utotoni.

Kutoka Musoma hadi Bugando, Mwanza, ni zaidi ya kilomita 200. Hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ni zaidi ya 1,000. Kuna familia inayouza ng'ombe kwa safari kama hiyo. Nami nimepokea barua za rufaa zilizoandikwa "MRI ya moyo", basi, hakuna neno jingine. Picha hizi hupangwa kulingana na kinachotafutwa, nazo hupigwa kwa kufuata mapigo, mgonjwa akizuia pumzi tena na tena kwa karibu saa nzima. Asiye na swali aweza kurudi na picha nzuri zisizomjibu chochote. Aliyesahauliwa kuulizwa kuhusu betri ya moyo au chuma mwilini aweza kuzuiwa mlangoni.

Swali hilo huanzia zahanati. Kijana mwenye presha ya juu apimwe presha mkononi na mguuni, na mapigo ya kinena yaguswe: yakiwa hafifu, huenda aota yake imebanwa. Kazi hiyo haihitaji hata umeme. Mgonjwa naye atunze karatasi za upasuaji wa utotoni, na amweleze daktari kabla ya kubeba mimba, si baada.

Barua ya mistari minne yatosha: dalili na muda wake, oksijeni ya kidoleni, majibu ya eko, na kile ambacho eko imeshindwa kukieleza.