Simu Moja ya Zamu kwa Magwagwa

Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Serikali ya Kaunti ya Nyamira

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Magwagwa, upande unaoteremka kuelekea Mto Sondu. Nakuandikia kuomba kitu kidogo: simu moja ya zamu, yenye laini na krediti yake, ishikwe na muuguzi mchana na usiku.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 13, 2020, na kabla mwezi haujaisha kukawa na kafyu kuanzia saa moja jioni. Huku kwetu watu waliogopa hospitali kuliko ugonjwa wenyewe. Wenye sukari na presha walijifungia nyumbani hadi dawa zikawaishia. Nikajitolea kupokea simu za majirani, nikidhani ni kazi ya wiki mbili tatu.

Wodini nilizoea kumsoma mgonjwa tangu anapoingia mlangoni: anavyotembea, rangi ya kucha zake, anavyoketi. Kwenye simu yote hayo hayapo. Usiku mmoja kijana alinipigia kwa kabambe, simu ndogo ya vitufe. Nyanya yake, magokoro kama tunavyosema, alikuwa anakohoa siku ya nne. Nyumba haikuwa hata na kipimajoto. Nikamwambia amketishe, amwekee kiganja kifuani, na kila kifua kinapoinuka ahesabu kwa sauti nisikie, mimi nikitazama saa yangu. Dakika iliisha akiwa amefika thelathini na nne. Mtu mzima akipita thelathini, hapo si pa kungoja kupambazuke. Nikaomba kuzungumza na magokoro mwenyewe. Hakuweza kumaliza sentensi moja ya Ekegusii bila kukata pumzi. Tukatafuta gari usiku huohuo. Aliwekwa oksijeni, akapona, na baadaye nikamwona tena na kikapu chake mgongoni akichuma chai.

Lipo jambo jingine ambalo mtu wa mbali hangelijua. Mzee mmoja alinijibu "niko sawa" siku tatu mfululizo, na sauti yake ilinikataza kumwamini. Simu ilikuwa ya mke wa mwanawe, naye ndiye aliyeishika, sauti ikisikika chumba kizima. Kwetu kuna chinsoni: baba mkwe hawezi kutaja mambo ya mkojo mbele ya mke wa mwanawe, hata akiwa anaumia. Nilipoomba simu apewe mjukuu wa kiume, watoke naye nje chini ya mparachichi, mzee alisema yote. Hakuwa amekojoa tangu jana yake. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza, kabla ya homa na kikohozi, ni hili: nani yuko karibu nawe?

Kwa hiyo naomba simu hiyo isipewe mtu wa Nairobi atakayeuliza maswali kwa Kiingereza. Ipokewe na anayejua Ekegusii, na kwa kuwa tuko mpakani, awepo mwenzake wa Kijaluo na wa Kikipsigis. Wala msitungojeshe hadi kila nyumba iwe na simu ya kuonana kwa picha. Wazee wetu wana kabambe. Mtu aki-flash kwa kukosa krediti, apigiwe.

Sheria haituzuii. Sheria ya Afya ya 2017 ilishatambua matibabu ya kielektroniki kuwa njia halali ya kutoa huduma, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ikafuata mwaka 2023. Mwaka huohuo wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye mashine ya presha, kipimo cha sukari na simu. Wao ndio mikono na macho niliyoyakosa mwaka 2020. Lakini mhudumu akipima presha saa nne usiku akute iko juu sana, anampigia nani? Mara nyingi ananipigia mimi, kwa namba yangu ya nyumbani.

Na mimi hulala. Julai 2021 stima ilipotea tangu jioni, simu yangu ikazima. Asubuhi nilipoichaji nilikuta nimetafutwa mara sita na namba moja. Nilipopiga, nilisikia vilio kabla ya mtu kusema neno. Sijui kama ningemwokoa mzee wa nyumba ile. Ninajua alitafutwa muuguzi mara sita, na muuguzi hakupatikana.

Simu ya zamu ingekuwa na wa kumpokeza mwenzake asubuhi, na rejista ya nani alipiga, alilalamikia nini, akashauriwa nini. Mimi niliandika kwenye daftari za shule, mbili zimejaa. Ndani yake mna majina ya watu na siri zao, kwa hivyo sitazituma kwa barua wala kuziacha mapokezini. Siku utakayomweka muuguzi wa kushika simu hiyo, nitazileta mwenyewe nimkabidhi mkononi, nikae naye zamu za usiku za kwanza hadi azoee kuhesabu pumzi kwa sikio.

Wako,
Muuguzi mstaafu, Magwagwa