Hesabu ya Nyumbani Kabla ya Kustaafu



Mtu akishapindukia miaka hamsini na tano, salamu za barazani hubadilika. Baada ya kuulizwa hali na watoto, huulizwa amebakisha miaka mingapi kazini. Kwa mtumishi wa serikali nchini mwetu jibu ni jepesi, kwani umri wa kustaafu ni miaka 60 na tarehe yake ya kuzaliwa imo kwenye faili. Kwa nahodha, seremala, mwenye duka na mama apikaye mahamri ya kuuza, hakuna barua itakayowajia. Wao hustaafishwa na magoti, macho au mgongo. Lakini swali ni moja kwa wote: yale tuliyoyakusudia tulipokuwa na miaka thelathini, mangapi yametimia, mangapi yamebaki, na mangapi sasa inafaa tuyaache?

Hadithi ya kuyatumia mambo matano kabla ya matano kuyafikia haihitaji kuelezwa kwa wasomaji wetu, kwani watoto wa chuoni wanaihifadhi. Mara nyingi husomewa vijana. Sisi tunaona inawahusu zaidi watu wa umri huu, maana katika yale matano ujana umekwisha kwenda zake, na afya, mali, wasaa na uhai vingaliko, kila kimoja kwa kadiri yake.

Jambo tunalotaka kulisemea juma hili ni kwamba hesabu hii haifai kufanywa na mume peke yake, kichwani mwake. Inafaa mume na mke wakae pamoja, na karatasi na kalamu viwepo. Katika mashauri mengi ya mirathi mjane huulizwa marehemu aliacha nini, alikuwa akidaiwa na nani, na yeye alikuwa akimdai nani, naye hujibu kuwa hajui. Ameishi naye miaka thelathini, amemzalia na kumlelea watoto, amemuuguza hadi pumzi ya mwisho, na hajui. Mara nyingi mume hakuwa na nia mbaya. Kwetu pwani mwanamume huona ni sitara kutomhangaisha mke na habari za fedha, na mke huona ni adabu kutouliza. Sitara hiyo huishia siku eda inapoanza.

Tuanze na mwili, kwa kuwa ndio uliobeba mengine yote. Presha na kisukari ni maradhi yasiyobisha hodi, na vyakula tuvipendavyo, wali wa nazi, mahamri, chai ya sukari tele na halua ya arusi, havina huruma kwa mtu aliyekwisha kuacha kutembea. Hatusemi viachwe. Tunasema mtu ajue kiasi cha sukari yake na kipimo cha presha yake kama anavyojua bei ya unga. Wanaume wana haya ya kwenda kupimwa tezi dume, na akina mama huahirisha uchunguzi wa matiti na wa shingo ya kizazi mwaka hadi mwaka kwa kuwa kuna mgonjwa mwingine nyumbani wa kushughulikiwa kwanza. Katika karatasi hiyo ya nyumbani, jina la mama liandikwe juu. Yeye ndiye atakayemlea mzee, naye hana wa kumlea akianguka kabla yake.

Lipo pia jambo la bima. Mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Mshahara ukikoma, asiye na mwajiri hukadiriwa kwa kipato cha nyumba yake, na hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Wengi hugundua hili wakiwa wamesimama kwenye dirisha la hospitali na mgonjwa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Fedha hiyo itengwe mapema, kama inavyotengwa kodi ya nyumba.

Na wale wanaoingoja Hija mpaka wapate kiinua mgongo, tunawaomba wapige hesabu nyingine. Saa'yi peke yake, baina ya Safa na Marwa mara saba, ni mwendo wa kilomita tatu na zaidi kidogo, bado hujataja tawafu, Mina wala msongamano wa watu. Aliyeweza kwenda akiwa na miaka hamsini akaahirisha ili kwanza amalizie ghorofa, na ajiulize kama magoti yake yamekubaliana na ratiba hiyo.

Sasa mali. Hapa orodha ya kwanza si ya kile tulicho nacho. Ni ya kile tunachodaiwa, kwa sababu katika sharia yetu mali ya maiti huanza kwa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia, ndipo warithi wafikiwe. Mahari ambayo mume hajayamaliza ni deni, hata kama arusi ilikuwa miaka arubaini iliyopita na bibi harusi sasa ni nyanya. Mke akitaka kuyasamehe ni ihsani yake, ila asamehe kwa hiari, akiwa anajua anachokisamehe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, imeshuka kuhusu kuandika deni na kuliwekea mashahidi. Ni ajabu kwamba umma ulioteremshiwa aya hiyo bado unakopeshana kwa neno la mlangoni.

Dhamana nayo husahauliwa. Wafanyakazi wengi wamewadhamini wenzao katika sako, mara watu watano au sita, kwa kutia saini tu wakiwa wanaharakia swala ya adhuhuri. Siku ya kustaafu, mwanachama huenda kudai hisa na akiba zake akaambiwa asubiri, kwa kuwa mikopo ya wale aliowadhamini haijaisha na hawajapata mdhamini mwingine. Wakikwepa kulipa, akiba yake ndiyo itakayofidia. Basi mwenye miaka miwili au mitatu iliyobaki aanze kuulizia majina hayo sasa, wala asitie saini mpya, hata kwa mwana wa mjomba.

Akiba ya NSSF hupatikana mtu afikapo miaka 60, au tangu miaka 50 kwa aliyeacha kazi. Hilo linajulikana. Lisilojulikana na wengi ni jina lililoandikwa kwenye fomu siku walipoajiriwa, la mtu atakayepokea wakifa. Aliyeajiriwa akiwa kijana kapera aliandika jina la mamake. Mama amekwisha fariki, mke hajatajwa, na faili lingali vile vile. Jina hilo libadilishwe. Na atakayetajwa aelezwe mbele ya watoto wakubwa kuwa yeye ni mwenye amana tu: atapokea kisha awagawie warithi kwa mafungu yao. Hiyo ndiyo kauli tunayoishika sisi, nayo ndiyo iliyo salama zaidi kwa dhima ya marehemu na ya mpokeaji.

Kuhusu kiinua mgongo chenyewe hatutasema mengi, kwa kuwa kila mtu ana hadithi ya jirani aliyenunua matatu akabaki na funguo. Fedha hiyo ikifika, ikae kwanza miezi sita bila kuguswa ila kwa chakula na deni. Benki zinazofuata sharia zimekuwapo nchini tangu mwaka 2008, kwa hiyo udhuru wa kuiweka mahali pa riba kwa kukosa pengine umepungua sana. Ikipitiwa na mwaka ingali imefika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, ina zaka ya asilimia 2.5. Katika kila laki nane hizo ni shilingi elfu ishirini.

Tuje kwenye nyumba, ambapo ndipo penye uchungu mwingi.

Katika mitaa ya Mombasa kuna utaratibu tuliourithi wa nyumba bila ardhi. Mtu hujenga, huipangisha, huiuza na huirithisha nyumba, lakini kiwanja ni cha mwenyewe, pengine ni cha ukoo fulani na pengine ni cha wakfu, na kila mwezi hulipwa kodi ya ardhi. Zamani nyumba ilikuwa ya fito na udongo, na mwenye kiwanja akikitaka, hasara ilikuwa ndogo. Leo watu wamesimamisha nyumba za mawe kwenye viwanja visivyo vyao. Mtu aliyeweka lengo la kuwa na nyumba kabla ya kustaafu atazame amefikia lengo gani hasa. Je, risiti za kodi ya ardhi zipo, na zimeandikwa jina la nani? Mwenye kiwanja yuko hai, au warithi wake wanaanza kuuza? Ikiwa upo uwezo wa kukinunua, kukinunua kunatangulia vigae na jiko jipya. Ikiwa haupo, asiongeze ghorofa kwa kiinua mgongo chake, na watoto waambiwe ukweli kuwa wanachokirithi ni kuta na paa.

Lakini hata penye hati ya ardhi kuna shauri jingine, na hili tunalielekeza kwa akina mama na waume zao pamoja. Nyumba nyingi zimejengwa na watu wawili. Mume ametoa mshahara. Mke ametoa fedha ya chama, faida ya mahamri na viazi karai, na pengine ameuza bangili zake za dhahabu siku ya kupiga zege. Hati ina jina la mume. Wanapoishi wote, nyumba ni yetu. Mume akifariki, nyumba yote huhesabiwa kuwa mali ya marehemu, na mke mwenye watoto naye hupewa thumuni, fungu moja katika manane. Ikiwa ni wake wawili, hugawana thumuni hiyo hiyo.

Tuchukue nyumba ya thamani ya shilingi milioni nne ambayo nusu yake ilitoka mfukoni mwa mke. Isipoandikwa chochote, atapata laki tano. Ikiandikwa na kushuhudiwa kwamba nusu ni yake, milioni mbili ni zake kabla ya mirathi kuguswa, na katika milioni mbili za mume atapata thumuni, laki mbili na nusu. Jumla yake milioni mbili na laki mbili na nusu. Fungu la Mwenyezi Mungu halikubadilika hata chembe katika hesabu hizi mbili. Kilichobadilika ni kujua mali ilikuwa ya nani.

Wapo wanaume wakisikia haya husema mke anaombea mume afe. Hayo si maneno ya mtu anayejua dini yake. Mali ya mke ni yake katika Uislamu, na mume hana haki ndani yake ila kwa ridhaa ya mwenyewe. Basi waulizane kwa upole: fedha zile zilikuwa zawadi, mkopo, au ushirika? Mke akisema zilikuwa zawadi, jambo limekwisha. Zikiwa mkopo, ziingie kwenye orodha ya madeni. Zikiwa ushirika, iandikwe sehemu yake, nayo si wasia, kwa hiyo haiingii katika kizuizi cha theluthi wala katika katazo la kumuusia mrithi. Ni kukiri haki. Na kukiri kwa mtu mzima mwenye afya yake hakuna utata, ilhali kukiri kwa mgonjwa wa mauti kwa ajili ya mrithi wake kuna khilafu baina ya wanazuoni. Hiyo ndiyo sababu tunasema kabla ya kustaafu, wala si kitandani. Waandike nakala mbili, mashahidi waadilifu watie saini, na wakiweza wapate ushauri wa ofisi ya Kadhi na wa wakili wa ardhi, ili karatasi isije ikapingwa.

Baki nyumba za kupandiana. Baba ana chini, kijana wake amejenga ghorofa ya kwanza kwa fedha za Uarabuni, na binti aliyeachika amerudi na kuongeza vyumba viwili nyuma. Kila mmoja anajua chake maadamu mzee yuko barazani. Akiondoka, ndugu wa Nairobi atasema hewa iliyo juu ya nyumba ya baba ni ya baba, na mwenye ghorofa atasema ametoa jasho miaka kumi Doha. Mzee awaite wote kikao kimoja, wa karibu na wa mbali, hata kwa simu, aseme mbele yao alimruhusu nani kujenga na kwa sharti gani, na iandikwe hapo hapo, yeye akiwa bado anashika kalamu mwenyewe na wao wangali wanamsikiliza.