Damu watoe vijana wa Mbeya, ubingwa ukasomewe Dar?

Ndugu msomaji, wewe unayeshinda kijiweni pale Mwanjelwa, na wewe wa Ipogolo unayesubiri basi lishushe abiria upate mzigo wa kubeba, leo naomba tuweke kando mpira na habari za nani kahamia chama gani. Tuzungumze damu. Si ile ya kumwagika barabarani, ingawa hata hiyo tutaifikia. Nazungumzia inayotoka kwenye mshipa wako ukiwa umekunja ngumi na kuangalia pembeni ili usione sindano.

Wewe ndiye mwenye ghala. Gari la Damu Salama likitoka kituo cha kanda Mbeya halipigi honi kwenye mageti ya vigogo. Linakwenda sekondari na vyuoni, linakuja sokoni, linakufuata wewe. Ndiyo maana shule zikifungwa tu, majokofu ya damu yanaanza kulia njaa. Mwenye miaka 18 na kilo zake 50 anaweza kutoa: mwanaume kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne. Wakubwa wanalijua hilo na hotuba za kukusifu hazikauki.

Sasa tuulizane: anayeipokea damu yako kule ndani ni nani, na kasomea wapi?

Usidhani damu ni petroli, kwamba unafyonza kwa huyu unamjazia yule. Mpaka Landsteiner alipogundua makundi ya damu kule Vienna mwaka 1901, kumwekea mtu damu ya mwenzake ilikuwa bahati nasibu. Hata leo, mtu wa kundi O ukimwekea damu ya kundi A, mwili wake unaishambulia, figo zinagoma, na anaweza kufia kitandani huku watu wakisema jamani si alishapewa damu! Halafu kuna kupima Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Aliyeambukizwa siku chache zilizopita kipimo kinaweza kisimkamate, kwa hiyo anayekuhoji kabla ya kukuchoma sindano naye anatakiwa awe amefunzwa. Mfuko wa kawaida unakaa siku 35 kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 6. Chembe sahani, zile zinazozuia damu kuvuja, zinadumu siku 5 tu, tena nje ya jokofu, kwenye nyuzi 20 hadi 24, na lazima zitikiswe muda wote. Umeme ukikatika, anayejua lipi la kuokoa na lipi la kumwaga ni yule aliyesoma.

Tena chupa moja ikitenganishwa vizuri inaweza kuwafaa wagonjwa watatu: chembe nyekundu kwa mzazi aliyevuja, plazima kwa mwingine, chembe sahani kwa mtoto mwenye saratani. Bila mashine na bila mtu wa kuiendesha, damu yako inakwenda nzima nzima kwa mmoja, na wale wawili wanaambiwa wasubiri.

Chukua hesabu ndogo. Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi limetumia kipimo cha chupa 10 kwa kila watu 1,000. Sensa ya 2022 ilikuta watu 2,343,754 mkoa wa Mbeya na 1,192,728 Iringa. Maana yake ni chupa zaidi ya 23,000 Mbeya na karibu 12,000 Iringa, kila mwaka. Kazi hiyo haiendeshwi kwa fulana na wimbo wa hamasa.

Elimu yake ina njia mbili. Ya kwanza ni ya maabara: stashahada ya miaka mitatu au shahada, kisha usajili kwenye Baraza la Wataalam wa Maabara. Ya pili ni ya udaktari: miaka mitano chuoni, mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, kisha unarudi shule kusomea ubingwa. Chuo cha Muhimbili kinatoa shahada ya uzamili ya magonjwa ya damu na uongezaji damu. Siwabezi Muhimbili hata kidogo. Pale udaktari umefundishwa tangu mwaka 1963 na tunawashukuru. Lakini kutoka Mbeya hadi pale ni zaidi ya kilomita 800, na kijana akishapanga chumba Dar, akapata na vibarua kwenye hospitali binafsi za mjini, unadhani atarudi Tukuyu kwa mapenzi ya ndizi?

Mbeya imekosa nini? Hospitali ya rufaa ya kanda ipo. Wazazi wanajifungulia Meta, na mzazi akivuja damu hasubiri kikao. Kituo cha damu cha kanda kipo, cha kuhudumia Nyanda za Juu Kusini nzima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina chuo chake cha sayansi za afya hapahapa, na watafiti wa NIMR wapo. Vyote mji mmoja, unavizunguka kwa bajaji. Anayesema ubingwa wa damu hauwezi kufundishwa hapa atuoneshe ni tofali gani limepungua.

Na barabara ile ya TANZAM haitungoji. Machi 11, 2015, pale Changarawe, Mafinga, basi liligongana na lori, kontena likalilalia basi, wakafa watu zaidi ya 40. Siku kama ile huna muda wa kuagiza bingwa kutoka Dar. Unaye pale, au humna.

Kuna wanaoniambia ati utaalamu huu ni wa wazungu. Wamsome Charles Drew, Mmarekani mweusi. Mwaka 1940 alipata shahada ya udaktari wa sayansi Chuo Kikuu cha Columbia kwa tasnifu juu ya kuhifadhi damu, akawekwa kuongoza kazi ya kukusanya plazima wakati wa vita. Nchi yake ikamlipa kwa kutenga damu ya weusi na ya weupe! Drew akasema waziwazi kwamba hilo halina msingi wa kisayansi. Mwenye elimu yake mkononi alikuwa na la kuwajibu wakubwa, na hilo ndilo ninalolitaka kwa kijana wa Kihesa.

Badala yake sisi tumezoea kuazima sufuria ya jirani. Zamani kila hospitali ilijitafutia damu yake, na benki ilikuwa ndugu wa mgonjwa. Mwaka 2004 ukaanza Mpango wa Taifa wa Damu Salama, kwa sehemu kubwa kwa fedha za Wamarekani kupitia PEPFAR. Haya, Januari 2025 Trump akatia saini kusimamisha misaada ya nje, na huku wizarani watu wakaanza kukuna vichwa. Walitegemea nini? Abuja, mwaka 2001, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Ahadi ile imezeeka kuliko baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Nimekaa kijiweni Soweto na kijana mwenye stashahada ya maabara, cheti kimefungwa kwenye nailoni chini ya godoro, anaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya jioni. Na huohuo mji ndugu wa mgonjwa anaambiwa "leta watu wa kutoa damu", akitoka nje anakutana na mjanja anayemnong'oneza bei. Damu haiuzwi, ndugu yangu. Anayekuuzia ni mwizi, na ukimlipa unamnenepesha.

Kwa hiyo gari likija, kunja ngumi utoe. Anayevuja pale Meta hana kosa. Ukishapewa soda na biskuti, muulize mtaalamu aliyekuhudumia kasomea wapi na nani alimlipia ada. Waulize wakuu wa chuo cha afya Mbeya ni lini watafungua darasa la ubingwa wa damu. Halafu mbunge wako akija kusalimia, muulize mkoa una mabingwa wangapi wa damu, wanakaa kituo gani, na nafasi ngapi za maabara ziko wazi. Akianza kukusimulia barabara ya lami, mrudishe kwenye damu.