Majina Matano, Duka Moja



Siku hizi vikundi vingi vya akina mama vimeanza kuuza bidhaa zao kwa njia ya tovuti. Palipo na biashara hapakosi mshauri, na ushauri unaosikika sana ni huu: nunueni majina mengi ya tovuti, muonekane mara nyingi watu wanapotafuta kwenye Google. Wiki hii tumeona tuupime ushauri huo, kwa kuwa fedha zinazotumika ni michango ya wanachama, nayo ni amana.

Tuchukue mfano wa kikundi cha hapa kwetu Kipini kinachouza mikeka ya ukindu na ng'onda. Kimelipia jina linaloishia na .co.ke, la pili linaloishia na .or.ke, la tatu na .com, na mengine mawili. Majina yote matano yanafungua kurasa zile zile, picha zile zile na bei zile zile. Je, duka hilo litaonekana mara tano?

La. Mtambo wa Google husoma kurasa, na ukikuta maandishi yanayofanana huyakusanya pamoja, huchagua ukurasa mmoja kuwa ndio asili, na aghalabu huo tu ndio humwonyesha mtafutaji. Kufanana huko peke yake si kosa la kuadhibiwa. Hasara iko kwingine. Tangu ilipoanzishwa mwaka 1998, Google huzingatia viungo ambavyo tovuti nyingine huelekeza kwako, na huvihesabu kama ushahidi kwamba unajulikana. Iwapo mteja wa Mombasa ameweka kiungo cha jina la kwanza, madrasa ya Lamu jina la pili, na jamaa aliyeko Maskati jina la tatu, na mtambo usitambue kwamba hiyo ni milango ya nyumba moja, basi ushahidi hugawanyika. Tena, jina litakalochaguliwa huenda likawa si lile mlilolichapisha kwenye kadi zenu.

Hatusemi kwamba kuwa na jina zaidi ya moja ni makosa. Mtu anaweza kulipia jina la pili ili mwingine asilichukue akawalaghai wateja, au kwa kuwa watu hukosea tahajia. Lililo muhimu ni kuchagua jina moja liwe ndilo la duka, na mengine yote yaelekezwe kwake moja kwa moja. Mwambieni fundi wenu aweke uelekezaji wa kudumu, ule unaojulikana kwa nambari 301. Nambari hiyo huuambia mtambo kwamba ukurasa umehamia hapa, wala haurudi. Kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwenye ukurasa unaolingana nao: wa mikeka kwa mikeka, wa ng'onda kwa ng'onda. Uelekezaji huo usiondolewe mapema. Google yenyewe hushauri udumu angalau mwaka 1.

Na wanunuzi wanaokiita kitu kimoja kwa majina mbalimbali tufanyeje nao? Ghuba yetu hii ya Ungwana, ramani za zamani ziliiita Formosa. Anayetaka kupatikana kwa majina yote mawili hahitaji tovuti mbili. Ayaandike yote mawili katika maelezo ya ukurasa mmoja. Vivyo hivyo andikeni mkeka na jamvi, ng'onda na samaki mkavu, kila kitu kwa jina linalokistahiki. Maneno yaliyomo ndani ya ukurasa humsaidia mtafutaji kuliko wingi wa majina nje ya mlango.

Wako pia wanaofungua tovuti nyingi zinazokaribiana kwa makusudi ya kuwanasa watafutaji na kuwapeleka mahali pamoja. Hilo Google huliita udanganyifu katika kanuni zake, na tovuti ya namna hiyo yaweza kuondolewa kabisa. Hata kama isingeondolewa, mfanyabiashara mwaminifu hajizidishi machoni pa watu.

La mwisho ndilo zito zaidi kwa familia. Jina la tovuti halinunuliwi milele. Hulipiwa kwa muda, kwa kawaida mwaka hadi mwaka. Kikundi kikishindwa kulipia majina matano, yatakayoachwa yanaweza kuchukuliwa na yeyote. Wapo wanaoyasaka majina yaliyoachwa kwa kuwa tayari yana viungo, kisha huweka humo michezo ya kamari na picha zisizofaa. Binti akibonyeza kiungo cha zamani kilichobaki kwenye simu ya mamake, atakutana na hayo chini ya jina la kikundi chenu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia jina la pili, ulizaneni kama mtaweza kulilipia miaka ijayo. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa na mawakala wake. Hakikisheni yameandikishwa kwa jina la kikundi na kwa barua pepe ya kikundi, si ya kijana aliyewatengenezea tovuti. Tarehe ya kulipia iandikwe katika daftari la mweka hazina.

Jina moja lililotunzwa vyema linatosha. Wabillahi tawfiq.